Ukivuja Mkojo au Choo: Jipime kwa Daftari la Siku Tatu

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI

Kuna shida ya kiafya ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi bila kumwambia hata anayelala naye kitanda kimoja. Ni mkojo au choo kutoka bila mwenyewe kupenda. Mama anaacha kwaya kwa sababu akiimba kwa nguvu matone yanamtoka. Mzee haendi tena kwenye baraza la chifu kwa kuwa hajui choo kiko umbali gani. Mfungashaji wa maua anajinyima maji kutoka alfajiri hadi jioni. Kijana aliyeumia mgongo kwa ajali ya bodaboda hataki wageni.

Wengi wao wameambiwa kwamba ni uzee, au ni kawaida ya mwanamke aliyezaa, au wamerogwa. Yote matatu si kweli. Kuvuja ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Kuna chanzo chake, na chanzo kikijulikana mara nyingi lipo la kufanya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na anayeficha shida hii huendelea kuumia na kitu ambacho pengine kingepungua kwa miezi mitatu.

Baada ya somo hili utaweza:

1. Kueleza jinsi kibofu na utumbo hufanya kazi.
2. Kuweka daftari la siku tatu na kulisoma.
3. Kuanza hatua za nyumbani zinazolingana na shida yako.
4. Kutambua dalili zinazohitaji hospitali siku hiyo hiyo.

KIBOFU NA UTUMBO HUFANYAJE KAZI?

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 600 hivi. Kikifikisha mililita 150 hadi 200 hutuma habari ya kwanza kwenye ubongo, nao ubongo hujibu: ngoja kwanza. Mtu mwenye afya huweza kungoja hadi apate choo. Kwa kawaida mtu hukojoa mara 4 hadi 8 kwa saa 24, na huamka usiku mara moja au asiamke kabisa. Mzee anaweza kuamka mara mbili.

Chini ya kibofu na utumbo kuna misuli iliyotandazwa kama machela, kutoka mfupa wa kinena upande wa mbele hadi mfupa wa mkia upande wa nyuma. Hii ndiyo misuli ya sakafu ya nyonga. Hushikilia kibofu, utumbo na, kwa mwanamke, mji wa mimba, na husaidia kufunga njia zote za haja. Ujauzito, kuzaa, uzito mwingi wa mwili, kukohoa kwa muda mrefu, kuinua mizigo kila siku na kujikakamua chooni huilegeza.

Kwa choo kikubwa, kawaida ni pana: kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki. La kutazama zaidi ni umbo lake. Wahudumu wengi wa afya hutumia chati ya Bristol, iliyotungwa Uingereza, ambayo hugawa choo katika aina 7. Aina ya 1 na ya 2 ni vigumba vigumu kama vya mbuzi au bonge lenye mafundo, ishara ya kufunga choo. Aina ya 3 na ya 4 ni laini na chenye umbo, na ndicho choo kinachotakiwa. Aina ya 5 hadi ya 7 ni chepesi, na ya 7 ni maji matupu.

DAFTARI LA SIKU TATU

Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na huhitaji daktari kukifanya. Chukua daftari la shule na kalamu. Chagua siku tatu, na angalau moja iwe siku ya kazi na moja siku ya kupumzika. Tafuta chombo cha plastiki cha kupimia. Ukikosa, chukua mkebe mpana, umimine maji kwa kutumia chupa ya nusu lita, na uweke alama kwa wino usiofutika kila baada ya mililita 100. Chombo hicho kisirudi jikoni.

Andika mambo matano:

- Saa na kiasi cha kila unachokunywa, pamoja na chai, uji, soda na pombe.
- Saa na kiasi cha kila mkojo.
- Kila unapovuja, na ulikuwa ukifanya nini wakati huo.
- Kama haja ilikuja kwa ghafla au polepole.
- Kila choo kikubwa: saa, aina yake katika chati, na kama nguo ilichafuka.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 38, anafungasha maua katika shamba moja kando ya ziwa. Siku yake ya kwanza imeandikwa hivi:

Saa 11:00 alfajiri: mkojo mililita 300.
Saa 11:30: chai kikombe kimoja, mililita 300.
Saa 12:30 asubuhi: mkojo mililita 80, "nisije nikashikwa kwenye gari la kazini".
Saa 4:00 asubuhi: mkojo mililita 120. Hakunywa kitu.
Saa 5:30 asubuhi: aliinua ndoo ya maua, matone yakatoka.
Saa 7:00 mchana: maji glasi moja, mililita 250.
Saa 8:15 mchana: alipiga chafya, matone yakatoka.
Saa 11:00 jioni: mkojo mililita 350, rangi ya njano iliyokolea.
Saa 1:00 hadi saa 3:00 usiku: chai vikombe viwili, mililita 600, na maji nusu lita.
Saa 3:30 usiku: mkojo mililita 150.
Saa 6:00 usiku: mkojo mililita 250.
Saa 9:00 usiku: mkojo mililita 250.
Choo kikubwa: hakuna. Mara ya mwisho ilikuwa siku mbili nyuma, aina ya 2.

KULISOMA DAFTARI

Jumlisha kwanza. Mama huyu alikunywa mililita 1,650, na kati ya hizo 1,100 alizinywa baada ya jua kutua. Hiyo ni theluthi mbili. Alikojoa mililita 1,500 kwa mara 7, idadi ya kawaida. Kwa hiyo kibofu chake hakijaharibika, na kuamka usiku mara mbili kunaelezwa na chai na maji ya jioni.

Sasa tazama alipovuja. Ni mara mbili, na zote mwili ulikuwa ukisukuma kwa ghafla: kuinua ndoo na kupiga chafya. Hakushikwa na haja kabla yake. Hilo linaonyesha misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea. Choo kigumu nacho kinamfanya ajikakamue, na kujikakamua kunailegeza zaidi. Mkojo wa jioni uliokolea unaonyesha kwamba mchana hanywi maji ya kutosha. Alidhani kujinyima maji kunamsaidia. Matone hayakukoma, na choo kikazidi kuwa kigumu.

Daftari lako linaweza kuonyesha sura nyingine. Linganisha na hizi:

Matone ukikohoa, ukicheka, ukikimbia au ukiinua mzigo. Misuli ya sakafu ya nyonga imelegea. Hii huwapata sana wanawake waliozaa, na pia wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume.

Haja ya ghafla, unakimbia lakini hufiki, na unakojoa zaidi ya mara 8 kidogo kidogo. Misuli ya kibofu inajikaza kabla ya wakati. Kabla ya kusema ni kibofu tu, ni lazima kupima maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari. Kiharusi nacho kinaweza kuleta hali hii.

Matone ya kila mara, mkojo dhaifu, kujikakamua ili utoke, na kuhisi kibofu hakijaisha. Kibofu kinafurika kwa sababu hakitoi mkojo wote. Kwa wanaume wenye umri mkubwa, mara nyingi chanzo ni tezi dume iliyokua. Kisukari cha muda mrefu na majeraha ya uti wa mgongo ni vyanzo vingine.

Mkojo wa zaidi ya lita 3 kwa siku. Huenda unakunywa kupita kiasi, au una kisukari. Pima sukari wiki hii.

Unajua unataka kwenda, lakini hufiki. Kibofu ni kizima. Tatizo ni magoti, macho, giza, kifungo cha suruali au choo kilicho mwisho wa ploti.

Kulowa mfululizo, usiku na mchana, bila haja yoyote. Hasa baada ya kuzaa kwa shida, hii inaweza kuwa fistula. Usingoje siku tatu za daftari. Soma sehemu ya fistula hapa chini, kisha nenda hospitali.

Mtu anaweza kuwa na sura mbili kwa pamoja. Hakuna ajabu. Ziandike zote.

HATUA ZA NYUMBANI: MKOJO

Mazoezi ya sakafu ya nyonga. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi ya misuli hii kwa wanawake waliokuwa wakivuja baada ya kuzaa, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza kwa wanaovuja wakikohoa au wakiinua mizigo. Keti au lala. Kaza kana kwamba unazuia mkojo na hewa ya tumboni kwa wakati mmoja. Utahisi njia ya haja ikivutwa ndani na juu. Usibane pumzi, usikaze matako wala tumbo. Shikilia huku ukihesabu hadi tano, achilia, pumzika kwa hesabu hiyo hiyo. Rudia mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku. Kisha kaza na kuachilia haraka haraka mara 10.

Fanya hivyo kila siku kwa miezi mitatu kabla ya kusema hayafai. Usiyafanye kwa kukatiza mkojo kila unapokwenda chooni, maana hilo linaweza kukifundisha kibofu kutoisha. Na jifunze jambo moja dogo: kaza kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinua ndoo au mtungi. Wanaume nao wafanye mazoezi haya.

Kukifundisha kibofu kungoja. Hii ni kwa anayeshikwa na haja ya ghafla. Usikimbie. Simama au keti, kaza misuli haraka mara tano, hesabu kwa kurudi nyuma kutoka ishirini. Haja itapanda, halafu itashuka. Ikishuka, tembea polepole hadi chooni. Ikiwa unakwenda kila saa moja, wiki ya kwanza ngoja saa moja na robo, wiki ya pili saa moja na nusu, hadi ufikie saa tatu au nne. Jipe angalau wiki sita. Anayejikakamua ili mkojo utoke asifanye zoezi hili; aende apimwe kwanza.

Vinywaji. Glasi 6 hadi 8 kwa siku zinamtosha mtu mzima wa kawaida, na zaidi kidogo kwa anayefanya kazi kwenye joto la nyumba za plastiki za maua. Kunywa zaidi asubuhi na mchana, punguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Chai kali ya majani, kahawa, soda nyeusi na pombe huchokoza kibofu. Jaribu kupunguza kimoja kimoja, uone daftari linasema nini. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake.

Uzito na sigara. Kwa mwenye uzito uliozidi, hata kupunguza kilo chache kunapunguza matone, kwa sababu tumbo halikandamizi kibofu sana. Kikohozi cha mvutaji sigara kinaisukuma misuli mara nyingi kwa siku.

Dawa. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Baadhi ya dawa za mafua na za mzio zinaweza kumfanya mwanamume mwenye tezi dume iliyokua ashindwe kukojoa kabisa. Dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo. Usiache dawa uliyoandikiwa. Beba pakiti zote, umwonyeshe mhudumu, na uulize kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa.

HATUA ZA NYUMBANI: CHOO KIKUBWA

Kuvuja choo mara nyingi huanzia kwenye choo kigumu, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mzee au mgonjwa wa kitandani anapofunga choo kwa siku nyingi, choo hugandamana na kuziba njia. Choo chepesi cha nyuma yake hupita pembeni na kuvuja kama maji. Wanaomtunza wanaona maji, wanasema anahara, wanampa dawa ya kuzuia kuhara. Kizuizi kinazidi. Swali la kuuliza ni hili: kabla ya maji haya, alipata choo cha kawaida lini? Kama ni zaidi ya siku tatu au nne, na tumbo limejaa au anaumwa, apelekwe kituo cha afya akachunguzwe.

Ili choo kiwe laini, ongeza vyakula vyenye nyuzinyuzi kidogo kidogo: maharagwe, githeri, sukuma wiki, managu, papai, parachichi, viazi vitamu. Ugali wa unga wa kusagwa kinuni, usiokobolewa, una nyuzinyuzi kuliko wa unga mweupe wa pakiti. Bila maji, vyakula hivi vinaweza kufunga choo zaidi.

Tumia saa ya mwili. Utumbo huamka baada ya kula, hasa kifungua kinywa. Nenda chooni dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, kila siku saa ile ile, hata kama hujashikwa. Kuchuchumaa kunanyoosha njia ya choo. Ukitumia choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, egemea mbele, na usijikakamue.

Kama choo chako ni aina ya 6 au ya 7 kwa zaidi ya wiki mbili, hilo si la kutibiwa nyumbani. Peleka sampuli kituoni.

KUMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Anayetunzwa ni mtu mzima mwenye heshima zake. Msaidie mlango ukiwa umefungwa, mweleze unachofanya kabla ya kumgusa, na usimkemee mbele ya watoto.

- Mpeleke au mpe chombo kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na baada ya kila mlo. Usingoje aombe.
- Kiti chenye tundu na ndoo chini yake, kando ya kitanda, humwepusha na safari ya usiku kwenda choo cha nje. Acha taa au tochi karibu.
- Suruali ya lastiki au leso ni rahisi kuliko vifungo na mshipi.
- Tandika karatasi ya nailoni juu ya godoro, kisha shuka la pamba juu yake, ili ngozi isigusane na nailoni.
- Akilowa, mwoshe mara moja kwa maji na sabuni isiyo kali, kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Paka mafuta mazito ya mgando kama kinga.
- Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ngozi ikiwa nyekundu na isirudie rangi yake, au kwa ngozi nyeusi ikiwa imeiva na ina joto, hicho ni kidonda kinachoanza.
- Vitambaa vya pamba vinavyofuliwa na kuanikwa juani vinafaa badala ya nepi za watu wazima kwa asiyeweza kuzinunua. Nepi zilizotumika zisitupwe kwenye choo cha shimo wala kwenye mtaro.

MTOTO ANAYEKOJOA KITANDANI

Mtoto wa chini ya miaka 5 anayelowesha kitanda hana ugonjwa. Baada ya hapo wengi huacha wenyewe. Kumchapa au kumwanika na godoro lake mbele ya majirani hakujatibu mtoto yeyote. Mpe maji ya kutosha mchana, mpeleke chooni kabla ya kulala, na hakikisha hafungi choo. Lakini mtoto aliyekwisha kuacha kwa miezi sita halafu akaanza tena apelekwe kituoni. Ikiwa pia ana kiu nyingi na anakonda, aende siku hiyo hiyo akapimwe sukari.

FISTULA: MAMA ANAYELOWA MFULULIZO

Uchungu wa kuzaa ukikwama kwa muda mrefu, kichwa cha mtoto hubana nyama kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na utumbo. Nyama hiyo hukosa damu, hufa, na tundu hubaki. Mkojo au choo hupita hapo wakati wote. Mara nyingi mtoto naye huwa amefariki, na mama hubaki na msiba na harufu kwa pamoja.

Fistula hutibika. Daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifika Addis Ababa mwaka 1959, wakafungua hospitali ya fistula mwaka 1974, na kazi yao ilisaidia kuuonyesha ulimwengu kwamba mama hawa wanaweza kurudi nyumbani wakiwa wakavu. Hapa Kenya, upasuaji hufanywa katika vituo kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na hospitali ya Gynocare mjini Eldoret. Kwa fistula zisizo tata, hadi asilimia 90 za upasuaji hufaulu. Tangu mwaka 2013, tarehe 23 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula.

Wakati ni muhimu. Mama akifika katika siku au wiki za kwanza, tundu dogo linaweza kufunga lenyewe kwa kuwekewa mpira wa mkojo mfululizo kwa wiki kadhaa, bila upasuaji. Na kinga ni kuzaa kituoni: uchungu ukikwama, mama apelekwe hospitali yenye upasuaji bila kungoja kikao cha familia.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI LEO

- Mkojo kukataa kutoka kabisa huku tumbo la chini likijaa na kuuma.
- Ganzi sehemu za siri au mapajani, miguu kulegea, pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa haja.
- Kushindwa kuzuia haja baada ya kuanguka au ajali.
- Homa pamoja na maumivu ya mbavuni au mgongoni.
- Kulowa mfululizo baada ya kuzaa au baada ya upasuaji.

Damu kwenye mkojo au choo, kukonda bila sababu, au mabadiliko ya choo yanayozidi wiki chache, yakaonwe na daktari wiki hiyo hiyo.

UTAKAPOFIKA KITUONI

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwaka 2023 wahudumu hawa kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, kwa hiyo kipimo cha sukari kinaweza kufanyiwa nyumbani kwako. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na daftari na dawa zako. Ukiwa umejisajili na SHA, huduma za msingi katika vituo vya umma vya ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#.

Ukishindwa kuanza maneno, mpe mhudumu daftari. Litasema kwa niaba yako. Tarajia kuulizwa kuhusu uzazi, upasuaji na dawa, kupimwa mkojo na sukari, na kukaguliwa tumbo. Mwanamke anaweza kuombwa akohoe wakati wa ukaguzi, na mwanamume kukaguliwa tezi dume kwa kidole. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako na faragha. Ikihitajika utaelekezwa Hospitali ya Naivasha au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru. Kwa walioumia uti wa mgongo, nchi ina hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha hayo jijini Nairobi.

KAZINI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuweka vyoo vya kutosha, vinavyofaa na vilivyo safi. Kwa msimamizi: mfanyakazi anayeomba kwenda chooni mara kwa mara huenda ana ugonjwa unaotibika. Sehemu ya kupangia kazi karibu na choo inaweza kumfanya abaki kazini. Kwa mfanyakazi: usijinyime maji ili usiombe ruhusa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mzee wa miaka 70 wa Maiella hajapata choo kwa siku 8. Tangu jana anavuja maji ya choo. Jirani ameleta dawa ya kuzuia kuhara. Apewe?
2. Kijana wa bodaboda wa Mai Mahiu alianguka juzi. Mgongo unamuuma, mapaja yana ganzi, na tangu asubuhi hajaweza kukojoa. Afanye nini?
3. Mwalimu wa miaka 52 anakojoa mara 14 kwa siku, jumla lita 4. Ana kiu na amekonda. Aanze mazoezi ya kungoja?
4. Mama wa miaka 19 alizaa siku 10 zilizopita baada ya uchungu wa siku mbili. Analowa usiku na mchana. Mama mkwe anasema ataacha akimaliza arubaini. Je, ni kweli?

MAJIBU

1. Asipewe. Huenda choo kimegandamana na maji yanapita pembeni. Apelekwe kituoni.
2. Hii ni dharura. Alazwe chali juu ya ubao au kitu kigumu, asipakiwe kwenye pikipiki, afikishwe hospitali sasa hivi.
3. Hapana, si kabla ya kupima sukari. Kibofu chake kinatoa kile figo zinacholeta.
4. Si kweli. Apelekwe leo. Akiwahi, huenda mpira wa mkojo ukatosha.

Daftari huanza na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Tayarisha kalamu na chombo usiku huu, viwe kando ya kitanda utakapoamka.